Herufi Nilizozisogeza

Jumanne ya wiki jana niliamka Bomet, nikafunga kibanda changu cha chai kabla hata ya kuwasha moto, nikatia nguo mbili na mswaki mfukoni, nikaondoka. Sikuwa na mpango. Mama mboga wa kibanda cha pili aliniuliza naenda wapi, nikamjibu nitajua nikifika, akacheka, kwa sababu amenijua miezi minne tu na tayari amezoea majibu yangu. Tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili nimeondoka hivyo kutoka miji mingi kuliko ninavyoweza kuitaja kwa mpangilio. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kwenye simu. Jioni ya Jumatatu ilikuwa imeingia picha kutoka namba nisiyoijua: karatasi kuukuu yenye rangi ya chai ya maziwa, maneno yamepigwa taipu, na katikati ya maneno kuna nafasi zilizojazwa kwa kalamu nyeusi. Herufi zilikuwa ndogo, zimesimama wima, kila a imefungwa vizuri kama kifungo. Niliujua mwandiko kabla ya kuijua karatasi. Chini ya picha kulikuwa na mstari mmoja: "Akinyi, huu ni mkono wako. Njoo." Nilikaa nimeishika ile simu mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimejiambia kwamba karatasi ile iliharibu maisha ya mtu.

Miaka thelathini iliyopita pia nilitoka asubuhi bila mpango. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimetoka upande wa ziwa. Ya nyumbani nitayaacha, hayana mtu wa kulaumiwa. Nilishuka Litein kwa sababu mvua ilinikuta hapo, nikajikinga chini ya paa la kituo cha kununulia majani ya chai. Karani wa kituo, kijana mrefu aliyeitwa Rono, aliniangalia nikitetemeka, akasema kama nina nguvu za kutetemeka basi nina nguvu za kuvuta vikapu. Ndivyo nilivyopata kazi. Wakulima walileta majani kwa nyakati tofauti na vikapu, kila kimoja na namba ya mkulima, vikapangwa kwa jinsi vilivyofika: namba kumi na saba, halafu namba arobaini, halafu kumi na saba tena, kwa sababu mke alikuja saa nne na mume akaleta kilichobaki saa sita. Kazi yangu ilikuwa kupita kwenye foleni kabla ya mizani na kuvuta kumi na saba mpaka kwa kumi na saba mwenzake. Rono alikuwa na neno moja tu kwangu. "Kusanya, Akinyi. Ya mtu mmoja ikae pamoja." Nilikusanya wiki baada ya wiki, mpaka mkono ukawa unafanya wenyewe. Nikikuta vijiko na uma vimechanganyika mezani, navipanga. Nikikuta kandambili zangu zimetenganishwa na kiatu cha mtu mwingine mlangoni, nakisukuma hicho kiatu kando. Sikufikiria kwamba tabia ndogo kama hiyo inaweza kumfuata mtu mpaka mahali ambapo haitakiwi.

Mtu aliyenitoa pale kituoni alikuwa bibi mmoja mwenye kofia ya sufi, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Alimwuliza Rono ninalala wapi. Rono akasema anadhani kwa binamu. Kogo akauangalia mfuko wangu uliokuwa juu ya magunia nyuma ya mizani, akasema, "Huyo binamu yake ni gunia," akanipa kikapu chake tupu nibebe, na tukaenda. Aliishi na mke wa mwanawe, Madam Chelangat, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mwanawe alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi. Walinipa stoo. Ilikuwa na magunia mawili ya mahindi, jembe, kitanda cha kamba na dirisha dogo lililotazama chai tupu, kijani mpaka inapokutana na mawingu. Kogo alinisomea masharti akiwa amesimama mlangoni: nichote maji asubuhi, nisipige mluzi ndani ya nyumba, na kile kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, nisikiguse hata kama nyumba inaungua. Madam alipita nyuma yake na rundo la vitabu vya wanafunzi, akasema kwa sauti ya chini kwamba hayo ndiyo masharti makali, na kuna mengine legevu, nitayajua polepole.

Jikoni ndiko nilikoishi hasa. Kogo alipika ugali wa wimbi, mweusi na mzito, na mboga ambayo mimi niliita akeyo na yeye akaiita isagek. Tulibishana jina lake kila jioni kwa miezi kadhaa, kisha tukaila. Aliniambia watu wa ziwa tunapika mboga kana kwamba tunaiogopa. Nilimwambia watu wa mlimani wanakunywa maziwa yenye mkaa halafu wanawashangaa wanaokula samaki na kichwa chake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Madam hakuingia kwenye ubishi huo. Alikaa kwenye kona karibu na moto, karatasi magotini, midomo ikitembea: a, x, a. Nilidhani anasali. Nilipomwuliza Kogo, alisema huyo anasomea digrii ya pili kila likizo, mwaka wa nne sasa, na kitu anachosomea hakuna mtu Litein nzima anayekijua, hata pasta.

Kisha Madam akateleza kwenye mteremko wa chai yake mwenyewe, siku ya mvua, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka karibu na kiwiko, na kitu cha kwanza alichosema si maumivu. Alisema, "Sasa nani atajaza?" Tasnifu yake ilikuwa imeshapigwa taipu kwa nakala tatu, mbili za chuo na moja ya nyumbani, lakini mpiga taipu alikataa kugusa hesabu. Mashine yake haikuwa na alama zile, kwa hiyo kila palipokuwa na hesabu aliacha nafasi nyeupe, mamia ya nafasi, zijazwe kwa mkono. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara mbili na kumwandikia kwamba hakuna mara ya tatu. Asipowasilisha kabla ya muhula kwisha, jina lake lingefutwa. Alijaribu mkono wa kushoto. Herufi zilitoka kama miguu ya kuku. Kogo ndiye aliyeleta kutoka kituoni kibandiko cha kikapu chake, chenye namba na jina, akakiweka mezani mbele yake. Madam akauliza nani ameandika. Kogo akanielekezea kidole cha mguu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Utaandika kila kitu kama kilivyo kwenye rasimu yangu," Madam aliniambia. "Usipunguze, usiongeze, usipendezeshe."

Nikasema ndiyo, Madam.

Lakini mimi siwezi kuandika kitu bila kutaka kujua ni nini. Hiyo ndiyo kasoro iliyonitoa shuleni na ndiyo iliyonitembeza. Nilimwuliza, nikamwuliza tena, mpaka siku moja akaishusha saa ya ukutani, akaiweka kati ya sahani. Alisema, fikiria hizi namba kumi na mbili ndizo namba zote zilizopo duniani. Ukipita kumi na mbili unaanza upya, kwa hiyo unaweza kujumlisha na kuzidisha siku nzima na hutoki nje ya saa. Mahali kama hapo, alisema, wataalamu wanapaita ringi. Sasa chukua namba moja, tatu kwa mfano. Itafutie mwenzake wa kukaa katikati: tatu, mara mwenzake, mara tatu tena. Ukirudi kwenye tatu, basi tatu ni namba nzuri. Nikajaribu kumweka tatu mwenyewe katikati. Tatu mara tatu tisa, mara tatu ishirini na saba. Ondoa ishirini na nne, imebaki tatu. Nilisikia raha ambayo sijui niieleze vipi, kama kupata ufunguo mahali ulipokwisha kutafuta. Nikajaribu nne, ikarudi. Tano ikarudi. Mbili ikakataa. Kila nilichoweka katikati kilinipeleka kwenye nne, nane au kumi na mbili, kamwe si mbili.

"Hiyo hairudi," nilimwambia. Nadhani alisikia kitu kwenye sauti yangu.

"Peke yake hairudi. Lakini mbili ikijizidisha inakuwa nne, na nne umeona imerudi. Kuna sharti kali, Akinyi, na kuna sharti legevu. Kazi yangu yote ni hiyo: nani anatimiza lipi."

Kogo, ambaye tulidhani anasinzia, aliuliza kama serikali inalipa watu kwa mchezo huo. Madam akasema hapana, wao ndio wanaolipa.

Tulimaliza kujaza. Bahasha mbili nene zilienda Nairobi na mwalimu mwenzake aliyekuwa na safari, na nakala ya tatu ikabaki kwenye kabati, chini ya vitambaa vya makochi. Madam alilala mchana wa siku hiyo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Siku ya nne baadaye, kituoni, Kogo alikuwa amemimina majani yake kutoka kikapuni mpaka kwenye mfuko wa kupimia, Rono akachomeka mkono ndani, akatoa majani magumu. Akamwambia arudishe kikapuni achambue. Kogo akarudisha, akachambua huku akimtukana Rono kwa Kikipsigis chenye adabu, kisha akamimina tena mfukoni. Alimimina, akarudisha, akamimina: mwishoni hali ikawa ile ile ya kumimina mara moja. Nyuma yake kulikuwa na mama mwingine mwenye haraka. Huyo alimimina mfukoni, na kabla Rono hajageuka mfuko ulikuwa umeshapimwa na kumwagwa kwenye lori, juu ya majani ya watu wote. Rono akaita, "Mama, rudisha hiyo." Mama akamwangalia tu. Arudishe nini? Akishusha kutoka mfukoni kwenda kikapuni, mfuko ni mtupu. Hatua mbili zilizofuatana mbele zilikuwa zimeyapeleka majani mahali ambapo hakuna hatua ya nyuma inayoyafikia.

Nilisimama na vikapu viwili mkononi. Mbele, nyuma, mbele. A, x, a. Mbele, mbele, nyuma. A, a, x. Si kitu kimoja. Kwenye saa ni kitu kimoja, kwa sababu tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu, na mimi nilikuwa nimeijua saa nikadhani nimejua kila kitu. Nikakumbuka Madam akisema kwamba sura ya tatu si ya namba, ni ya vitendo vinavyofuatana, kama kupogoa na kuchuma: ukichuma halafu upogoe una majani, ukipogoa halafu uchume unarudi nyumbani na kikapu kitupu. Na niliukumbuka mkono wangu. Niliona wazi, kama ninavyouona sasa, mkono wangu ukiivuta a ya mwisho kuelekea a ya kwanza na kuisukuma x pembeni. Ya mtu mmoja ikae pamoja.

Nilikimbia nyumbani, nikatoa nakala ya kabatini. Sura ya tatu, sehemu kumi na moja. Mahali kumi na moja ambapo Madam alikuwa ameandika a, x, a na mimi nikaandika a, a, x, vizuri, bila kufuta, mwandiko safi kabisa. Kila hoja iliyojengwa juu ya hizo sehemu ilikuwa imesimama hewani. Na kama nilifanya hivyo hapa, nilifanya hivyo kwenye zile za Nairobi. Mkono ni ule ule. Kesho yake asubuhi, Madam akiwa darasani, niliweka alama ya penseli pembeni mwa kila kosa, nikaandika kwenye karatasi ya daftari: "Madam, nilikusanya herufi. Ziko kumi na moja. Nisamehe." Nikaiacha juu ya meza, nikaweka kopo la chumvi juu yake isipeperuke. Nilipotoka na mfuko wangu niliiona kofia ya Kogo ikitembea juu ya chai, inazama, inatokea. Sikumwita. Niliogopa angeniuliza kama nimechota maji, na nilikuwa nimechota, na ningelia.

Nimefikiria mara nyingi jinsi kosa hilo lilivyonisomesha kuliko shule. Nilipokuwa na kitanda mahali fulani, nilitafuta vitabu vya hesabu kwenye mitumba ya vitabu kando ya barabara, vingi vimekatika jalada, na baadaye nikasoma kwenye simu. Nilitaka kujua ukubwa wa nilichoharibu. Nikajua kwamba ile mipangilio miwili ya herufi ina majina tofauti: kati ya hiyo miwili, la Madam ndilo sharti legevu, langu ni kali zaidi, na kuna vitu vingi vinavyotimiza lake vikashindwa langu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimechukua watu waliokuwa wameruhusiwa kurudi nyumbani nikawafungia mlango. Nilijifunza hayo Kitale, Isiolo, Narok, nikiuza hiki na kufua kile, na kila nilipoelewa zaidi niliona aibu zaidi. Nilihamia Bomet mwaka huu bila kukubali mbele ya nafsi yangu kwamba Bomet ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwake. Miezi minne sikwenda. Kisha mzee mmoja mrefu akanywa chai kwangu, akaniangalia nikipanga vikombe, akauliza kama niliwahi kuvuta vikapu Litein. Nikamwambia amenifananisha. Rono hakubishana. Alilipa kwa simu, kwa hiyo namba yangu akawa nayo, na kupitia kwake ikamfikia Madam.

Litein niliambiwa Madam amestaafu na amehamia Kapkatet, kwenye nyumba ya mawe ambayo sikuwahi kuiona, yenye veranda na mizinga miwili ya nyuki. Kijana wa bodaboda alinishusha langoni. Madam alitoka yeye mwenyewe. Amekuwa mdogo, nywele nyeupe, lakini anatembea vile vile, kama mtu anayewahi kengele. Nikaanza, "Madam, ile sura ya tatu," naye akaniambia niingie kwanza, tope hilo, nivue viatu. Ndani alinimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu nilichokijua. Akaniambia Kogo alifariki miaka mingi iliyopita, na kwamba mpaka mwisho aliiita ile mboga akeyo ili kumchokoza kila aliyekuwa jikoni. Hapo nikalia kidogo, na ikanisaidia, kwa sababu baada ya hapo niliweza kuuliza.

"Walikukataa?"

"Kunikataa kwa nini?"

"Nakala zile. Nilikusanya herufi."

Kisha akaweka kikombe chini. "Akinyi. Umetembea na hiyo kitu miaka yote hii?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi aliyerukia jibu. Alipoikuta barua yangu alienda posta siku hiyo hiyo, akampigia msimamizi wake simu. Msimamizi alikuwa ameshasoma sura ya tatu. Alifungua nakala zote mbili mezani kwake, akamsomea mahali pote kumi na moja, moja baada ya nyingine, huku sarafu zikilia kwenye simu. A, x, a. Zote sawa. Madam alipita bila kusahihisha hata ukurasa mmoja. Nikamwambia haiwezekani, mkono ulikuwa mmoja. Akasema mkono ndiyo, lakini kichwa sivyo. Zile mbili za chuo nilizijaza kwanza, wiki ya kwanza ya plasta, nikiwa sijui chochote, na rula juu ya rasimu, herufi kwa herufi, naogopa hata kupumua. Saa ya ukutani ililetwa na mume wake mwisho wa mwezi. Ni baada ya saa ndipo nilipojaza ile ya nyumbani. "Ulikosea ulipoanza kuelewa," alisema. "Wanafunzi wangu wote ni hivyo. Kogo alikutafuta mpaka Kaplong, wiki mbili, anauliza watu kama wameona msichana wa ziwa anayepanga vitu."

Sijui mzigo huondokaje kwa watu wengine. Kwangu uliondoka kwa njaa. Ghafla nilitaka kula kila kitu kilichokuwa kwenye ile nyumba. Madam akasema chakula kiko motoni, na wakati tunasubiri akaleta nakala ile, pembe zimeliwa na mende, alama zangu za penseli zikiwa bado pembeni. Miaka yote amewaonyesha wanafunzi wake ukurasa huo, alisema, waone jinsi kitu safi kinavyoweza kuwa si sahihi. Lakini hakurekebisha hata herufi moja. Alinipa kalamu nyeusi. "Si kazi yangu hiyo. Mwenye mkono ndiye atengeneze."

Nilivaa miwani. Nilikata ile ya kwanza kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake a, kisha x, kisha a. Mkono umezeeka, a haifungi kama zamani. Nilisogeza kalamu kwenda ya pili, naye akaichukua kutoka vidoleni mwangu, akaifunika kifuniko.

"Moja kwa siku," alisema. "Chumba chako ni kile cha mwisho, kinachotazama chai. Maji utachota asubuhi."

Nilipeleka mfuko wangu ndani. Kulikuwa na kitanda, blanketi mbili na dirisha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza sahani zikipangwa upande wa pili, nikahesabu sehemu zilizobaki za kusahihisha. Kumi.